Kwa Miguu Pembezoni mwa Swindon

Watu wa Swindon hushangaa ukiwaambia umekuja kutembea mjini kwao. Utembee wapi? Mji wenyewe uko kusini magharibi mwa Uingereza, saa moja hivi kwa treni kutoka kituo cha Paddington cha London, na Waingereza wengi wanaujua kwa mambo mawili tu: karakana ya reli iliyofunguliwa mwaka 1843 na kufungwa 1986, na kipilefti kimoja cha ajabu nitakachokieleza mbele. Mji huo umeomba zaidi ya mara moja upewe hadhi ya jiji, ukanyimwa. Sensa ya 2021 iliwakuta watu zaidi ya 230,000 ndani ya mipaka ya halmashauri yake, lakini mtu wa London ukimtajia Swindon ataguna na kubadilisha mazungumzo.

Mimi nilikwenda kwa sababu dada yangu anaishi huko. Ni muuguzi. Yeye na mumewe wamenunua nyumba kwa mkopo katika mtaa mpya upande wa kusini mashariki, si mbali na makutano namba 15 ya barabara kuu ya M4. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao jua la huko linazama saa kumi na kitu jioni, na wenyeji wangu walikuwa wakitoka kwenda kazini gizani na kurudi gizani. Nikabaki na ufunguo wa mlango, gambuti za shemeji, na ramani ya karatasi ambayo dada aliinunua alipohamia na hajaifungua tangu hapo. London nilishaiona. Nikaamua kuangalia ukingo wa mji, pale nyumba zinapoishia na mashamba kuanza.

Mtaa wa dada ni wa matofali mekundu mwanzo mwisho. Nyumba zimebanana, mbili mbili zikigawana ukuta, kila moja na kibustani mbele kisichotosha kulaza baiskeli, na mapipa ya taka ya magurudumu yamepangwa ubavuni. Kwa mbali ungedhani ni za zamani, kwa sababu juu ya mapaa mengi pana bomba la moshi, lile la mraba la matofali tunaloliona kwenye picha za Krismasi. Shemeji alinionyesha la jirani huku akicheka. Ndani ya nyumba ile hakuna jiko la kuni wala la mkaa. Nyumba inapashwa moto kwa gesi, na hewa yake chafu inatokea kwenye kibomba cha plastiki ukutani. Bomba la juu ya paa ni la faiba, limefinyangwa kiwandani na kupakwa sura ya matofali, likaletwa kwa lori na kufungwa juu kama antena. Kazi yake ni kuifanya nyumba ya juzi ionekane ya Kiingereza. Sijui nani anadanganyika, maana wakazi wote wanajua.

Barabara za mtaa nazo hazijaisha. Mifuniko ya mashimo ya maji taka imesimama juu ya lami kiasi cha vidole viwili vitatu, na magari yanaikwepa kama tunavyokwepa mashimo kwetu. Sababu ni kwamba tabaka la mwisho la lami halimwagwi mpaka mjenzi amalize nyumba zote na malori yake yaondoke. Mpaka hapo, na mpaka halmashauri ikubali kuzipokea, barabara hizo si za umma. Kwa hiyo dada analipa kodi ya halmashauri kama kila mtu, na juu yake analipa ada kwa kampuni inayokata majani ya mtaa na kutunza bwawa la maji ya mvua. Ada inapanda, majani hayakatwi kwa wakati, na akipiga simu anaambiwa abonyeze moja, abonyeze mbili.

“Mdogo wangu,” aliniambia akivua viatu vya kazi, “nilikimbia michango ya ulinzi shirikishi Dar, nikaja kuikuta Ulaya imevaa suti.”

Kutoka mtaani kwenda kwenye hifadhi ya Coate Water unavuka barabara ya Marlborough, ambayo magari ya kwenda na kutoka M4 hayaishi. Penye mataa ya kuvukia nilikaa muda mrefu kuliko ilivyostahili mtu mzima. Kwenye nguzo pana kisanduku chenye kitufe. Ukibonyeza, yanawaka maandishi ya kukutaka usubiri, na wengi huishia hapo. Pitisha mkono chini ya kisanduku, upande wa kulia. Utagusa kidude cha chuma chembamba kama pia ya watoto, kina mifuo pembeni. Kimetulia. Taa ya mtu wa kijani ikiwaka, kinaanza kuzunguka kwenye ncha za vidole vyako, na kijani kikizima nacho kinakoma. Kimewekwa kwa ajili ya asiyeona. Yapo mataa yenye mlio, lakini mlio hauwekwi kila mahali, na penye vivuko viwili vya jirani unaweza kumpotosha mtu akavukia zamu isiyo yake. Kidude kile hakimpotoshi. Hata chini miguuni ameandaliwa: vigae vya njia vina vipele vya kuhisi kwa soli, ni vyekundu kwa sababu pana mataa, na mkanda wa vigae hivyo unamfikisha hadi kwenye nguzo. Hakuna bango linaloeleza lolote. Dada amepita pale mara nyingi na hakuwa na habari. Nilimweleza, na kesho yake aliponipigia simu akielekea kazini, salamu yake ilikuwa, “Kinazunguka kweli!”

Jumamosi shemeji alikuwa hana zamu. Yeye aliendesha daladala ya Mbagala kabla ya kuondoka Dar es Salaam, na sasa anaendesha lori. “Shem, panda,” akasema, “nikupeleke ukaone mahali niliponyolewa ujeuri wa Mbagala.”

Mahali penyewe ni karibu na uwanja wa mpira wa klabu ya Swindon Town, zinapokutana barabara tano. Mwaka 1972 Frank Blackmore, mhandisi wa maabara ya serikali ya utafiti wa barabara, aliacha kuweka kisiwa kimoja kikubwa na badala yake akapanga vipilefti vidogo vitano, kimoja kwenye mdomo wa kila barabara, vikazunguka kisiwa cha katikati. Vile vidogo unavizunguka kwa mwendo wa saa, kama vipilefti vyote vya nchi zinazoendesha kushoto. Kuzunguka kile cha katikati, magari yanakwenda kinyume cha saa. Dereva anaweza kupita nje kwa njia ndefu au kukata ndani kwa njia fupi, ilimradi kila kipilefti kidogo akiheshimu kama kipilefti kamili. Mwanzoni michoro haikuwa ya kudumu, ili wahandisi waweze kuibadilisha wakiona inakwama, na kila kipilefti kidogo kilikuwa na askari polisi wa kuangalia kama watu wataweza. Waliweza. Jina rasmi lilikuwa County Islands, lakini wenyeji wakaona hilo halitoshi, wakapaita Magic Roundabout kwa jina la kipindi cha watoto cha televisheni. Mwishowe halmashauri ikasalimu amri, ikaandika jina hilo kwenye kibao.

“Ukivihesabu umekwisha,” shemeji alisema huku ameshika usukani kwa mkono mmoja. “Angalia kulia. Kulia peupe, ingia. Pana gari, subiri. Ukishaingia, sahau ulikotoka, fikiria kinachofuata.”

Tukaingia. Kulia peupe. Tukasita. Gari dogo jekundu likapita mbele yetu, likafuatwa na basi, tukaingia tena, na ghafla tulikuwa tunatazamana na magari yanayotujia upande ambao akili yangu ilikataa. Hakuna aliyefunga breki kwa fujo. Hakuna aliyepiga honi. Tulizunguka pale mpaka nikapata kizunguzungu na shemeji akaridhika.

Siri yake si michoro. Zamani vipilefti vya Uingereza vilikuwa vikijifunga vyenyewe: waliokuwa wakiingia waliwabana waliokuwemo, waliokuwemo wakashindwa kutoka, na foleni ikakabana koo. Novemba 1966 ikawekwa sheria kwa nchi nzima, kwamba anayeingia ampishe aliyemo, yaani anayemjia kutoka kulia. Baada ya hapo ndipo ilipowezekana kujenga kitu kama hiki. Sisi tunaendesha kushoto kama wao na sheria ya kumpisha wa kulia tunaifundisha kwenye vyuo vya udereva. Lakini aliyewahi kukwama jioni kwenye vipilefti vya Nairobi, askari ameachia upande mmoja robo saa nzima huku pande nyingine zimezima injini, anajua kwamba sheria ile kwetu inasubiri trafiki aje kuitekeleza. Blackmore aliwaondoa wale askari wake na mambo yakaendelea. Mwenda kwa miguu tu ndiye asiyefaidi: anazungukia pembeni, mdomo wa barabara mmoja baada ya mwingine, akisubiri kila mahali.

Kutoka pale tulikwenda South Marston, upande wa kaskazini mashariki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za Spitfire zilitengenezwa hapo. Honda ikafika kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa hapo mwaka 1985, ikajenga kiwanda cha magari, na Julai 2021 ikakifunga. Watu kama 3,000 walikuwa wakifanya kazi pale. Sasa panajengwa maghala. Ghala la kisasa la Kiingereza ni jengo refu kuliko uwanja wa mpira, halina dirisha, na kuta zake zimepakwa mikanda ya rangi, ya chini nzito, ya juu inafifia hadi kuwa kijivu cha mawingu, ili eti lipotee angani lisiwaudhi wakazi. Siku yenye mawingu hila hiyo inafaulu, na siku zenye mawingu huko si haba. Shemeji anayafahamu majengo hayo kwa milango tu. Unapewa saa ya kuleta mzigo, unaingia kwa namba, unashusha, unatoka. Hakuna mama lishe getini, wala mtu wa kumuuliza habari za nyumbani.

Upande wa magharibi wa mji lipo moja la kundi hilo hilo ambalo msanifu wake hakutaka lijifiche. Ni lile alilolichora Norman Foster kwa ajili ya ghala la vipuri la Renault, lililokamilika mwaka 1982: paa limening’inizwa kwa nyaya kutoka kwenye nguzo za chuma za manjano ya kuiva, zimechomoza juu kama milingoti. Serikali imeliweka kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Tulilipita kwa gari, na nitasema tu kwamba afadhali ghala la manjano kuliko ghala linalojifanya wingu.

Tulirudi usiku kwa barabara isiyo na taa za nguzoni, na hapo ndipo nilipoviona vijicho vya barabarani vikifanya kazi. Katikati ya lami, kila baada ya hatua kadhaa, vinawaka vinukta viwili vyeupe vinavyokurudishia mwanga wa taa zako. Ni uvumbuzi wa Percy Shaw, mtu wa Halifax, aliyeupatia hataza mwaka 1934. Gololi za kioo zimepachikwa ndani ya mpira, na mpira umekalia kiti cha chuma. Tairi likikanyaga, mpira unadidimia na kuzipangusa gololi, tena kwa maji ya mvua yaliyokusanyika mle ndani. Kwa hiyo vinasafishwa na magari yale yale vinavyoyaongoza, bila mtu wa kupita na kitambaa.

Lakini ukingo ulionichukua moyo ni wa upande wa Coate Water, hifadhi yenye ziwa. Ziwa lile si la asili. Lilitengenezwa mwaka 1822 ili kulisha mfereji wa mashua uliokuwa ukipita Swindon, na reli ilipoua biashara ya mfereji, ziwa likabaki la starehe. Mwaka 1935 wakasimamisha mnara wa zege wa kupigia mbizi, mweupe, wa mistari iliyonyooka ya mtindo wa enzi zile. Umesimama hadi leo na majukwaa yake, ingawa kuogelea kumepigwa marufuku na wanaotua juu yake ni ndege. Karibu tu na hapo ipo nyumba ya shamba alikozaliwa Richard Jefferies mwaka 1848, mwandishi aliyeyajaza maandishi yake ndege, nyasi na wakulima wa eneo hili. Mwaka 1885 alitoa riwaya, After London, inayoeleza Uingereza iliyomezwa na msitu baada ya maangamizi. Ukisimama kwenye ukingo wa ziwa ukasikia M4 inavyovuma nyuma ya miti, utaona kwamba msitu umepata mpinzani.

Kwenye ramani ya dada, vijia vya miguu vimechorwa kwa vistari vya kijani. Nilichagua kimoja kinachoelekea kusini, kuvuka M4. Kinaanza kwa kibao cha mbao chenye mshale wa manjano, kinapita lango dogo la kuzungusha ambalo mtu anapenya na ng’ombe hawezi, kisha kinaingia moja kwa moja shambani. Simaanishi kando ya shamba. Kinakata katikati ya ngano changa iliyoanza kuchipua, mstari wa udongo uliokanyagwa, upana wa hatua moja. Nilisita, maana kwetu ukikutwa katikati ya shamba la mtu na gambuti zako utakuwa na maelezo ya kutoa. Mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa akanipita kwa salamu na kuendelea katikati ya ngano, nami nikamfuata.

Mashamba yale yana wenyewe, na hati zao zipo. Lakini kupita juu yake ni haki ya umma, na haki hiyo imekwenda shule. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za Uingereza na Wales zichore ramani ya kila kijia ambacho watu wana haki ya kukipita, na kijia kikishaingia kwenye ramani hiyo, ramani yenyewe ndiyo ushahidi mahakamani. Njia ambayo umma umeipita waziwazi kwa miaka 20 bila kuzuiwa inaweza kudaiwa kuwa ya umma hata kama mwenye ardhi hakuwahi kuitoa. Mkulima akilima juu ya kijia kinachokata shamba, ana siku 14 za kukirudisha, angalau upana wa meta moja. Akitaka kukifunga au kukihamisha, lazima amri itolewe, tangazo libandikwe pale pale njiani, na wenye kupinga wasikilizwe. Vijia na njia za namna hiyo Uingereza na Wales zina urefu wa kilometa kama 225,000.

Kijia changu kilipanda hadi kwenye daraja juu ya M4. Sehemu hiyo ya barabara kuu ilifunguliwa 1971, njia tatu kwenda na tatu kurudi. Nilisimama katikati ya daraja nimeshika reli baridi. Chini yangu malori yalikuwa yakipita kwa kishindo kinachotetemesha nyayo, kila moja na jina la kampuni ubavuni, pengine mojawapo likielekea kushusha South Marston. Juu, mtu mmoja mwenye matope hadi magotini, anakwenda asikokuwa na shughuli. Na daraja limekuwapo siku zote hizo kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na ng’ombe wa mkulima, na mwanamke mwenye mbwa, ambaye alishavuka na kupotea upande wa vilima vya chaki.

Nikamfikiria jirani yetu wa Goba. Pale nyumbani palikuwa na kichochoro kilichotoka kwa mjumbe hadi kituo cha daladala. Watoto wa shule walikipita, wauza mboga walikipita, na hata jeneza la mzee wa nyumba ya tatu lilipita hapo. Kiwanja kilichopitiwa na kichochoro kikauzwa, na mnunuzi, ndiye jirani huyo, akasimamisha ukuta wa tofali za saruji na vipande vya chupa juu yake. Wazee walikwenda serikali ya mtaa. Mnunuzi akatoa hati yake, na hati ilikuwa safi, kwa sababu kichochoro hakikuwa kimechorwa popote. Sasa watoto wanazunguka kwa barabara kubwa, pamoja na malori ya kokoto.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inatambua haki ya umma ya kupita, kwa hiyo tusiseme jambo hili ni la Wazungu. Kinachokosekana ni mstari kwenye ramani. Barabara za magari zinachorwa, kwa sababu wenye viwanja wanataka gari lifike mlangoni, na katika mikutano ya urasimishaji wa makazi watu hupigania upana wake kwa hatua. Njia za miguu hakuna anayezisemea, hata sisi tunaozitumia kila siku. Mtaa wenu kama haujapimwa, mpimaji akija mwonyesheni na vichochoro, mtembezeni kwa miguu mpaka kituoni na mpaka shuleni, na kabla ya kuidhinisha ramani ya mtaa hakikisheni vimo.